Utafiti wa Afya: Kasongo Ilishaonyesha Njia

Leo tuzungumze kidogo juu ya utafiti wa afya. Wengi wetu tukisikia neno hilo tunafikiri Kinshasa, maabara kubwa na mashine za bei kali. Kumbe utafiti mmoja uliosomwa sana duniani ulitoka hapa kwetu.

Mwaka wa 1971, wakati wa Zaire, Chuo cha Tiba ya Tropiki cha Antwerp, Ubelgiji, kilianza kazi Kasongo pamoja na wauguzi wa hapa. Swali lilikuwa rahisi kusema, gumu kujibu: hospitali iko mjini, watu wako vijijini, wengi wanatembea kwa miguu. Tuwahudumie namna gani? Wakajaribu ngazi mbili. Chini, vituo vidogo vya afya karibu na watu, mikononi mwa wauguzi. Juu, hospitali, ipokee wale ambao kituo kimeshindwa kuwatibu. Fishi ya mgonjwa ilibaki kituoni, ili afuatwe mpaka apone. Walijaribu, wakahesabu, wakarekebisha. Huo njo utafiti.

Ulizaa nini? Miaka ya 1980 nchi iligawanywa katika zoni za afya 306. Mambo yaliyojifunzwa Kasongo, pamoja na Bwamanda, Kisantu na Vanga, yalisaidia kuchora mpango huo. Leo zoni zimepita 500, na Kabambare iko na yake. Ukipeleka mtoto santre, akapewa karatasi ya kwenda hospitali kuu, unapita njia ambayo wazee wetu waliijaribu mbele.

Mfano wa pili ni surua. Mwaka wa 1981, kundi la Kasongo liliandika katika Lancet, gazeti la waganga la London. Walilinganisha watoto waliochanjwa na wasiochanjwa. Waliochanjwa walikufa kidogo, lakini faida ile ilipungua kadiri umri ulivyosonga mbele. Wakauliza: mtoto aliyeponea surua, je, si atauawa na jambo lingine? Watafiti wengine, kama Peter Aaby aliyefanya kazi Guinea-Bissau, walipinga maelezo yale kwa hesabu zao. Dunia nzima ilibishana juu ya hesabu za watoto wa Kasongo! Na chanjo ya surua inaendelea kuokoa watoto. Mwaka wa 2019 surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika Kongo, wengi wao watoto wadogo.

Sasa tujiulize bila haya: ni wangapi kati yetu walijua habari hii? Matokeo yaliandikwa kwa lugha za mbali, yakasomwa mbali. Na sisi leo tunafanya vile vile. Tunatetea TFC na memuari, tunapiga makofi, tunapiga picha, kisha kitabu kinalala kwenye etajeri. Kila mwezi muuguzi wa santre anajaza ripoti, namba zinapanda juu, lakini mara ngapi zinarudi chini na jibu?

Maswali hayakosi. Wakati wa mvua, mama mjamzito wa kijiji cha mbali anafika hospitali baada ya saa ngapi? Watoto wa wachimba dhahabu kule Namoya na Salamabila, wanaohamahama na wazazi, nani anafuata chanjo yao? Familia iliyokimbia vita inahesabiwa katika zoni gani? Serikali haiwezi kupanga dawa, friji za chanjo wala wauguzi kwa watu ambao hakuna aliyewahesabu.

Basi, napendekeza mambo matatu. Kwanza, kabla ya kuchagua mada ya TFC, mwendee munganga mkuu wa zoni umuulize ni swali gani linamnyima usingizi. Pili, omba ruhusa kwa wale utakaowauliza, na siri zao zibaki siri. Tatu, ukimaliza, andika ukurasa mmoja kwa Kiswahili, urudishe kwa muuguzi, kwa RECO na kwa chifu wa kijiji.

Hiyo haiombi mashine. Inaomba daftari, kalamu na uaminifu. Mwana Kabambare anayesoma hapa, zoni yako inakungojea. Wewe ungeanza na swali gani?