Tanga: njia za baiskeli na faida ya mchuuzi

Mchuuzi wa Tanga anayeleta mzigo mjini kwa baiskeli hanunui mafuta, ila njia anayopita ndiyo huamua atabaki na faida kiasi gani.

Njia ya Muheza ni ya lami, takriban kilomita 35. Muheza iko juu kuliko Tanga, hivyo matenga ya machungwa huteremka, na baiskeli tupu ndiyo hupanda. Mpango mzuri, kama si malori. Kuanzia Pongwe, kilipo kiwanda cha saruji, magari mazito huongezeka na mwenye tenga pana hulazimika kushuka pembeni. Machungwa yakipondeka, faida imekwenda.

Njia ya Pangani, kilomita 50 hivi kuelekea kusini, haina mlima wa kutisha. Huko tatizo ni upepo. Kusi, kati ya Aprili na Septemba, humsukuma mgongoni anayeleta nazi mjini. Kaskazi, Desemba hadi Machi, humpiga usoni akiwa na mzigo. Nazi zile zile, umbali ule ule, saa nyingi zaidi. Mnunuzi wa Ngamiani hilo halimhusu. Mwenye mtaji hupakia basi. Asiye nao huondoka alfajiri, upepo ukiwa bado umetulia.