Riwaya za Kumpa Kijana wa Majengo

Riwaya ya vijana, kwa maana inayotumiwa hapa, ni masimulizi marefu ya kubuni ambayo lugha, urefu na matukio yake yanamwezesha msomaji wa umri wa miaka 10 hadi 18 kuyafuata bila kushikwa mkono na mwalimu. Katika mtaa wa Majengo, kisiwani Mombasa, msomaji wa umri huo hakosi Kiswahili, kwa kuwa ndiyo lugha ya nyumbani, ya barazani na ya chuoni anakosomea Kurani baada ya shule. Anachokikosa ni mpangilio wa vitabu, kwa sababu akishamaliza vijitabu vya picha vya madarasa ya chini, riwaya inayofuata kumfikia mara nyingi huwa ni kitabu teule, yaani kitabu kilichochaguliwa kutahiniwa katika shule ya upili, ambacho husomwa kwa ajili ya maswali na kufungwa mtihani unapokwisha. Orodha inayofuata imekusudiwa kuliziba pengo hilo, na inawahusu zaidi wazazi, walimu na vijana wenyewe wanaotafuta kitabu cha kusoma kwa hiari.

Kigezo kilichotumika kuiteua si uzito wa funzo. Vitabu vingi vya watoto hutanguliza maadili, mtoto mkaidi akapatwa na maafa na mtiifu akatuzwa, hata msomaji akaujua mwisho kabla ya kufika katikati. Kigezo kinachofaa zaidi ni uamuzi: je, mhusika mkuu hufikishwa mahali ambapo hakuna mzazi, mwalimu wala kadhi wa kumwamulia, naye akalazimika kukata shauri mwenyewe na kuyabeba matokeo yake? Kijana aliye katika umri wa kuanza kuamua mambo yake husoma kitabu cha namna hiyo kwa sababu anataka kujua kitatokea nini, na funzo, kama lipo, hulipata njiani bila kuhubiriwa.

Kwa msomaji wa miaka 10 hadi 12 inafaa kuanza na visa ambavyo tayari amevisikia kwa masikio. Mchoraji Gado, ambaye jina lake kamili ni Godfrey Mwampembwa, alichapisha mwaka 1996 kitabu cha katuni kiitwacho Abunuwasi, kinachosimulia kwa michoro vituko vya yule mjanja ambaye pwani nzima inamjua; na katuni, yaani hadithi inayosimuliwa kwa picha zilizofuatana na maneno machache, humzoesha mtoto kufuata kisa kirefu bila kuchoshwa na wingi wa maandishi. Baada ya hapo anaweza kupewa Mkasa wa Shujaa Liyongo wa Bitugi Matundura, unaomwandikia mtoto upya habari za Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa pwani ya kaskazini. Katika mapokeo ya kisa hicho Liyongo yumo kifungoni, anamwagizia mama yake kwa wimbo tupa ifichwe ndani ya mkate, kisha anaikata minyororo huku kelele za ngoma zikiifunika sauti ya chuma. Mtoto hahitaji kuelezwa kwamba akili ni mali, maana ameiona ikifanya kazi.

Hatua ya pili, ya miaka 13 hadi 15, ndiyo yenye utajiri zaidi na ndiyo inayostahili muda mrefu, kwa kuwa hapa ndipo wasomaji wengi hupotea. Kitabu cha kwanza ni Siku Njema cha Ken Walibora, kilichotoka mwaka 1996 na kilichowahi kuwa kitabu teule nchini Kenya, ingawa thamani yake haikutokana na mtihani. Ni riwaya ya makuzi, yaani riwaya inayomfuata mhusika mmoja tangu utotoni hadi utu uzima na kuonyesha jinsi alivyogeuka kuwa mtu aliye. Msimulizi wake, Kongowea Mswahili, ni mtoto wa mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Mama anapofariki, kijana huyo anabaki mikononi mwa jamaa, kisha anaamua kuvuka mpaka kuja Kenya kumtafuta baba ambaye hakumlea. Safari inampitisha Mombasa na kumfikisha hadi upande wa Kitale, na kwa msomaji wa Majengo kuna mvuto wa ziada wa kuliona jina la Kongowea, analolijua kwa soko lililo ng'ambo ya daraja la Nyali, likibebwa na kijana wa rika lake. Ubora mkubwa wa riwaya hii uko katika nafsi ya kwanza inayoisimulia: Kongowea hulia, hujisifu, hukosea watu na hupenda, na msomaji huachiwa nafasi ya kumpinga. Walibora, aliyefariki mwaka 2020, aliandika pia Ndoto ya Amerika, kitabu chembamba zaidi kuhusu vijana wa shule waliovutwa na tamaa ya kwenda Marekani, ambacho kinamfaa msomaji ambaye bado anaogopa unene wa Siku Njema.

Kijana asiyependa hadithi za majonzi apewe riwaya ya upelelezi, ambayo huanza na tendo la uhalifu na kumtaka msomaji alifumbue fumbo sambamba na mpelelezi. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar ulishinda mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957/58 yaliyoandaliwa na Shirika la Vitabu la Afrika Mashariki, ukachapishwa mwaka 1960, na ndio uliomtambulisha Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na rafiki yake Najum. Wahakiki huona ndani yake athari ya Sherlock Holmes, lakini mizimu, mashamba na mazungumzo ni ya Unguja, na mwandishi hachoki kumshindanisha mtu anayetumia hoja na watu wanaoridhika na uvumi. Msomaji akinogewa, Kisima cha Giningi na Siri ya Sifuri vinaendeleza visa vya Bwana Msa huyo huyo.

Shaaban Robert naye asiachwe. Adili na Nduguze, iliyotoka mwaka 1952, ina asili katika hadithi za Alfu Lela Ulela, na inamhusu Adili, liwali anayewachapa kila usiku, kwa amri aliyopewa, manyani wawili ambao kumbe ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu. Majina hayo yanatangaza maadili waziwazi, na kwa kigezo cha hapa hilo ni kasoro. Hata hivyo swali linalobeba kisa, la iwapo mtu anapaswa kutii amri ya kumtesa ndugu aliyemdhulumu, halina jibu rahisi na hufaa kubishaniwa nyumbani.

Jambo moja la lugha linahitaji kuelezwa kwa wazazi. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ndio uliokubali Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na vitabu vyote vya orodha hii huuelekea msingi huo. Mtoto wa Mji wa Kale au Majengo anayesikia nyumbani mato na kitwa atakutana kitabuni na macho na kichwa, na asionwe kuwa anakosea katika upande wowote, kwa kuwa Kimvita anachokisikia nyumbani ni lahaja kamili yenye ushairi wake mkubwa.

Kwa vijana wa miaka 16 na kuendelea, mstari kati ya riwaya ya vijana na ya watu wazima hufifia. Utengano wa Said Ahmed Mohamed, wa mwaka 1980, unamfuata Maimuna, binti anayefungiwa ndani na baba yake Maksuudi, na Vuta N'kuvute wa Adam Shafi, wa mwaka 1999, unamfuata Yasmin, aliyeozwa mume mwenye umri wa baba yake katika Unguja ya wakati wa ukoloni. Riwaya zote mbili zina mambo ya mapenzi na ulevi, kwa hiyo mzazi azisome kwanza. Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya mwaka 2022 ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, inamhusu Yusuf wa miaka 12 aliyewekwa rehani kwa tajiri kulipa deni la baba yake, na inahitaji msomaji mvumilivu, kwa kuwa uamuzi wake mkubwa unacheleweshwa hadi kurasa za mwisho.

Orodha hii ina upungufu ulio wazi: wasichana wanaoingia katikati ya kisa huingia kupitia ndoa na mateso, na hakuna hata mmoja wa miaka 12 anayefunga safari kama ya Kongowea. Kulitengeneza hilo ni kazi ya waandishi wa pwani na wachapishaji wao.

Mombasa si mji mgeni kwa usomaji wa umma, kwani Maktaba ya Seif bin Salim ilianzishwa humo mwaka 1903, na leo maktaba ya umma iliyo katika Barabara ya Msanifu Kombo iko karibu na Majengo. Mzazi asiyeweza kununua aulizie huko, asome sura ya kwanza kwa sauti, kisha asimuulize mtoto amejifunza nini bali angefanya nini. Na anayeweza kupata kitabu kimoja tu, akipate Siku Njema.