Naomba Nakala, Mwalimu

Kwaya ikitembelea parokia nyingine, misa ikaisha na watu wakashakula, utamwona mwalimu mmoja amemvuta mwenzake chini ya mwembe. "Mwalimu, ule wimbo wa matoleo umetuingia sana. Naomba nakala." Nakala hutolewa. Katika miaka yangu yote ya kuimba alto kwenye kwaya za Kikatoliki za Tanzania, sijasikia bei ikitajwa.

Desturi hii ina sababu yake. Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliopitisha hati yake ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963, misa ilianza kuimbwa kwa lugha za watu. Dominika moja huhitaji wimbo wa mwanzo, zaburi, shangilio, matoleo, komunyo na shukrani. Zaburi nayo hubadilika Dominika hadi Dominika, katika mzunguko wa miaka mitatu: A, B na C. Hakuna parokia yenye watunzi wa kutosha kuyatimiza hayo yote. Asiyeomba kwa jirani atarudia nyimbo zilezile mpaka waumini wachoke.

Zamani nakala ilikuwa kazi ya mkono. Mwalimu wetu wa kwanza alikuwa na kaunta buku tatu zilizojaa herufi za d, r, m, f, s, l, t: ile solfa iliyoanzia kwa Sarah Glover wa Norwich, ikaenezwa na John Curwen, kisha wamisionari wakaileta huku. Nukta pacha hutenganisha mapigo, kistari huendeleza sauti. Ukisahau kistari kimoja wakati wa kunakili, besi wanakatisha neno kabla ya tenor. Atakayenakili kutoka kwako atarithi kosa lako. Ndiyo maana wimbo mmoja uliimbwa hivi Morogoro na vile Iringa, kila upande ukiapa kuwa wao ndio wako sahihi.

Hata wimbo wetu wa taifa ulipita njia hiyo. Enoch Sontonga, mwalimu wa shule na kiongozi wa kwaya huko Johannesburg, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897, akauandika kwa solfa kwenye daftari la mazoezi. Kwaya nyingine zikawa zinaazima nyimbo zake. Leo Watanzania tunauimba muziki huo kwa maneno ya Mungu Ibariki Afrika.

Sasa watunzi wengi huchapa nota kwa kompyuta, wakitumia programu kama MuseScore ambayo hailipiwi, kisha huziweka kwenye intaneti bure. Mwalimu aliyeko Kigoma huupakua wimbo jioni, kesho yake watu wako mazoezini, na kistari kiko palepale mtunzi alipokiweka. Mimi naona huu ni ule mwembe uleule, ila kivuli chake kimefika mbali.

Lakini chini ya mwembe kulikuwa na malipo, na malipo yalikuwa jina. Aliyepewa wimbo alimtaja aliyeutunga. Mwaka fulani tulikuta wimbo wa mwalimu wetu ukizunguka kwenye simu, sehemu ya jina imefutwa, na mahali pengine pameandikwa jina la mtu tusiyemjua. Mwalimu wetu hakugomba. Aliikunja karatasi yake ya wimbo huo, akaketi kwenye benchi la tenor, na jioni ile hatukufanya mazoezi. Iliniuma kuliko kama angeibiwa pesa, maana ule wimbo aliutunga wiki aliyomzika mama yake, na alikuwa ameutoa bure kwa moyo mmoja.

Tangu hapo tuna kawaida yetu. Kabla ya kugawa nakala mpya, mwalimu huinua karatasi juu na kuuliza, "Ametutungia nani?" Sauti zote nne tunasoma pamoja jina, mahali, na tarehe wimbo ulipokamilika. Ndipo hugeukia kinanda na kutupa do.