Ubao Hautibu Mgongo

Msimu wa kahawa ukifunguliwa na malipo yakaanza kutoka, swali nalijua kabla halijaulizwa. Nitaulizwa kliniki, nitaulizwa nje ya kanisa, nitaulizwa kwa simu saa tatu usiku: "Waitu daktari, mgongo unanisumbua. Nataka kununua godoro. Lipi ndilo gumu kuliko yote?" Siku hizi swali limeongezewa mkia, maana watoto walioko Dar es Salaam na ng'ambo wanawatumia wazazi picha za magodoro ya mseto, springi chini na lateksi juu. Mzee mmoja wa Nkwenda aliahidiwa godoro la namna hiyo, akaja kuniuliza aweke ubao wa unene gani chini yake ili lisibonyee. Yaani mtoto alipe fedha zote hizo kununua kitu kinachobonyea vizuri, kisha baba akizuie kisibonyee.

Godoro gumu halitibu mgongo. Sakafu haitibu, na plaiwudi chini ya sponji haitibu. Kazi yangu ni mazoezi ya viungo, na kila mwaka napokea watu waliolala wiki nzima juu ya mkeka kwenye saruji kwa ushauri wa shemeji. Wanakuja na kiuno kilekile, safari hii na bega na nyonga vimejiunga.

Ubaya ni kwamba shemeji ushauri huo aliutoa hospitali. Zamani madaktari wenyewe ndio waliokuwa wakiagiza ubao chini ya godoro na mgonjwa alale chali mpaka maumivu yaishe. Utabibu ukajipima, ukaona haina maana. Mwaka 1986 watafiti wa Marekani walilinganisha wagonjwa walioambiwa walale siku 2 na walioambiwa walale siku 7: wa siku 7 hawakupona upesi zaidi, walikosa kazi siku nyingi zaidi tu. Mwaka 1995 huko Helsinki, wafanyakazi wa jiji walioendelea na shughuli zao kwa kadiri maumivu yalivyowaruhusu walipona haraka kuliko waliolazwa kitandani. Kisha mwaka 2003 jarida la Lancet likachapisha kazi ya Francisco Kovacs na wenzake wa Hispania. Walichukua watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, wengine wakawapa godoro gumu, wengine la ugumu wa wastani, bila kuwaambia nani kapewa lipi. Baada ya siku 90, wa godoro la wastani walikuwa na nafuu zaidi wakiwa kitandani, nafuu zaidi wakati wa kuamka, na shughuli za mchana ziliwawia rahisi zaidi. Zaidi ya miaka 20 imepita. Shemeji bado hajapata habari.

Sababu yake unaweza kuipima leo usiku. Lala ubavu sakafuni. Utakuta umebebwa na bega na nyonga, kiuno kinaning'inia katikati bila kushikwa na kitu. Misuli ya kiuno inabaki kazini usiku kucha. Godoro linalofaa huacha bega na nyonga vizame kidogo ili kiuno nacho kipate pa kuegemea. Likiwa laini mno, nyonga huzama kupita kiasi na uti wa mgongo unapinda upande wa pili. Ndiyo maana sisemi nunua laini. Nasema la wastani, likielekea ugumu kidogo, na mtu mzito achukue gumu zaidi ya mtu mwembamba.

Hapo ndipo huwa najibiwa, "Lakini daktari, mimi nililala chini nikapona." Nakubali, ulipona. Maumivu mengi ya kiuno hupungua yenyewe ndani ya wiki chache, na chochote ulichokuwa ukifanya wiki hizo, uwe umelala sakafuni au umejifunga kitambaa chekundu, ndicho kitakachosifiwa. Tena angalia kitanda ulichokimbia. Kilikuwa na godoro la inchi 4 lililoliwa katikati, juu ya chaga tano, moja imevunjika. Sakafu ilikusaidia kwa kuwa imenyooka. Kitanda kikinyooshwa utapata faida ileile bila baridi ya saruji.

Na kiuno chenyewe kiliumia wapi? Kwa wengi wenu ni shambani, mkono kwenye jembe fupi tangu alfajiri, halafu dumu la lita 20 kutoka kisimani, halafu gunia la kahawa. Anayeinama hivyo siku nzima asidai godoro limfutie yote usiku.

Wauzaji nao wamenogesha imani hii. Neno "ortopediki" kwenye kitambaa halimaanishi kuna daktari aliyelipima, na "hai densiti" haimaanishi gumu. Densiti ni uzito wa sponji kwa mita ya ujazo, nayo hukuambia godoro litadumu kiasi gani. Ugumu ni habari nyingine kabisa. Densiti unaweza kuihakiki mwenyewe, kwa kuwa mizani za kahawa zimejaa vijijini: muombe karani wa chama cha msingi akuning'inizie godoro. La futi 5 kwa 6, inchi 8, kama kweli ni densiti 30, litapiga karibu kilo 17. Likipiga kilo 9, densiti yake ni kama 16, hata lebo iandike nini. Kuna sponji zinazochanganywa unga wa chokaa kuongeza uzito, kwa hiyo mizani humnasa mwongo wa kawaida, mwongo hodari hupita. Lile la vipande vya rangi rangi vilivyogandishwa, zito kama gogo, linadumu sana, lakini kwa mtu mwembamba anayelala ubavu halina tofauti kubwa na sakafu.

Sasa la mseto, kwa wanaoliweza. Springi ziwe kila moja ndani ya kifuko chake, ili mwenzako akijigeuza usitikiswe. Lateksi ya juu iwe inchi 2 au 3. Ukiiminya iruke papo hapo. Ikirudi polepole, umeuziwa sponji ya namna nyingine. Mwenye mzio wa mpira aachane nalo. Ni zito, kwa hiyo halifiki Nkwenda kwa bodaboda, wala msilikunje katikati. Na muhimu kuliko yote kwa huku kwetu: msilianike. Jua mnaloanikia sponji ili kuua kunguni huigandisha lateksi na kuifanya imeguke. Lipepee kivulini.

Kitanda: chaga zisiachane zaidi ya inchi 3, ziwe bapa na zimepigwa misumari au skrubu zisiteleze. Kuanzia futi 5, fundi aweke mti wa katikati wenye mguu wake unaofika chini. Msikubali mkaratusi mbichi, utapinda kabla mkopo haujaisha. Plaiwudi nzima nzima ni ya kutoboa matundu, la sivyo masika godoro litaota ukungu upande wa chini. Kitanda cha kamba au cha wavu wa chuma hakifai kwa mseto. Asiye na hela ya godoro mwaka huu aanze na chaga. Fundi atamaliza kwa siku moja, na mara nyingi hilo ndilo lililohitajika.

Dukani, acheni kuminya godoro kwa ngumi. Mwambie muuzaji alifungue, ulale chali dakika 10, upenyeze kiganja chini ya kiuno. Kikipita huku nafasi ikibaki, ni gumu mno kwako. Kisipopenya, ni laini mno. Ukifika nyumbani toa ile nailoni, inafungia jasho. Na kama maumivu yanakuja na mguu kulegea, ganzi sehemu za siri, mkojo usiozuilika, au homa na kukonda, swali la godoro lisubiri. Nenda hospitali ya Nyakahanga au ya Isingiro siku hiyohiyo.