Je, Wajua? Kutoka Mjini Hadi Majaruba ya Igawa

Riwaya za watu wa mjini wanaohamia shamba huchekesha na kufundisha kwa pamoja. Kwetu Tanzania jambo hili lina vitabu vyake na historia yake, na Igawa, wilayani Mbarali, ni mahali pazuri pa kulitazamia.

Je, wajua kwamba Shaaban Robert aliandika riwaya nzima kuhusu mtu wa aina hii? Katika *Utubora Mkulima*, iliyochapishwa mwaka 1968, miaka sita baada ya mwandishi kufariki, Utubora anaacha kazi ya mjini na kwenda kulima kwa hiari yake.

Je, wajua kwamba kauli ya "Siasa ni Kilimo" ilitoka Iringa? Chama cha TANU kiliipitisha huko Mei 1972. Ukame wa 1973 na 1974 ukaleta kampeni ya Kilimo cha Kufa na Kupona, na wafanyakazi wa ofisini na viwandani nao wakashika majembe.

Je, wajua kwamba mwaka 1983 kuhamia shamba kulikuwa amri? Chini ya Sheria ya Nguvu Kazi, watu waliokutwa Dar es Salaam bila kazi inayotambulika walisombwa na kupelekwa vijijini. Wengi walirudi mjini. Utubora alibaki shambani kwa sababu alikwenda kwa moyo wake, na hilo ndilo somo kubwa la historia yote hii.

Je, wajua kwamba Igawa ina msimu mmoja tu wa mvua? Mtu wa Pwani amezoea vuli na masika. Huku mvua huanza Novemba au Desemba na kuisha Aprili au Mei. Mgeni asiyesia mbegu kitaluni mapema atawaona wenzake wakipandikiza mpunga majarubani huku yeye akitafuta miche.

Je, wajua kwamba adui mkubwa wa mpunga ana uzito wa gramu 20 hivi tu? Ni kwelea kwelea. Mmoja hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku, kwa hiyo kundi la ndege milioni moja linaweza kumaliza tani 10 kati ya asubuhi na jioni. Ndiyo maana mpunga ukitoa mashuke, familia nzima hushinda shambani kuamia ndege.

Je, wajua kwamba aliyehama Dar es Salaam akaja kulima Igawa bado ana uhusiano na umeme wa mjini? Mto Mbarali, unaomwagilia majaruba ya hapa, huingia Mto Ruaha Mkuu, na maji hayo huteremka hadi mabwawa ya Mtera (megawati 80) na Kidatu (megawati 204). Tangu miaka ya 1990 Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, kwa hiyo kuheshimu zamu ya maji kwenye mfereji ni jukumu la kila mkulima, mwenyeji na mgeni.

Anayetaka kuandika riwaya ya kufurahisha kuhusu wahamiaji hawa ashuke basi hapa Igawa, kwenye barabara kuu ya kwenda Tunduma, akae msimu mmoja mzima na wakulima. Visa atavipata tele, na heshima kwa jembe pia.