Nahau "Out of Sorts" kwa Wakorea Wanaojifunza Kiingereza

Nahau ya Kiingereza "out of sorts" humaanisha kwamba mtu hajisikii vyema: ama mwili wake una unyonge usiomlazimu kwenda kwa daktari, ama ameingia kisirani na hataki kusemeshwa. Mara nyingi hali hizo mbili huwa pamoja, wala msemaji hatakiwi kuzitenganisha. Hapo ndipo taabu ya Mkorea inapoanza.

Kikorea hupenda kutaja kwanza mahali penye kasoro. Mwenye unyonge husema "mom-i an jota", yaani mwili si mzuri. Aliyeudhika husema "gibun-i an jota", yaani hisia si nzuri. Neno linalokaribia kuzikusanya hali hizo ni "keondisyeon", ambalo asili yake ni neno la Kiingereza "condition". Basi mwanafunzi hudhani ameshapata daraja, akasema, "My condition is not good today." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, lakini Mwingereza aisikiapo humfikiria mgonjwa aliyelazwa hospitalini. Neno limerudi kwao likiwa na maana nyingine, jambo lisilo geni kwetu sisi tunaoshughulika na maneno ya mkopo.

Kosa jingine ni la umbo. Nomino ya Kikorea hailazimiki kuonyesha wingi, na kwa hiyo mwanafunzi huidondosha "s" ya mwisho. Lakini "out of sort" haisemwi. Wapo walimu wanaoueleza wingi huo kwa kutaja herufi za chuma za wapiga chapa, ziitwazo "sorts": mpiga chapa aliyeishiwa herufi, wasema, hukasirika. Hadithi hiyo yapendeza, ila haijathibitishwa, na kwa maoni yangu humpotosha mwanafunzi, kwa kuwa humfanya atafute umoja ambao nahau yenyewe haina. Yafaa aishike nzima kama ilivyo.

Kuhusu nafsi, mazoea ya Kikorea humsaidia. Hisia za ndani husemwa waziwazi na mwenye kuzihisi. Akitajwa mtu mwingine, kwa kawaida hutumiwa umbo la kuonekana, kama "an joa boinda". Sentensi "You look out of sorts" ni Kiingereza safi, na ina upole kuliko "You are out of sorts". Hata hivyo asimwambie hivyo mkubwa wake wa kazi, ambaye aweza kusikia humo lawama juu ya hasira zake.