Yemima: Jina la Binti Aliyerithi

Katika eneo la Fizi nchini Kongo, tangu Baraka iliyo ufukoni mwa Ziwa Tanganyika hata Misisi ya wachimba dhahabu, majina ya kike yatokayo katika Biblia ya Kiebrania, kama Mariamu, Esta na Rebeka, husikika kila uchao. Nalo Yemima, ambalo aghalabu huandikwa Jemima kwa kufuata Biblia ya Kifaransa, lina hadhi ambayo waliopewa wastahili kuijua.

Asili yake ni Kitabu cha Ayubu, sura ya 42, ambamo twasoma kwamba Ayubu, baada ya masaibu yake, aliruzukiwa wana 7 na mabinti 3. Na ajabu ni kwamba wana hawakutajwa majina, bali mabinti walitajwa wote: Yemima, Kesia na Keren-hapuki. Kesia ni gome lenye harufu, jamaa ya mdalasini, na Keren-hapuki ni pembe ya kutilia wanja. Ama Yemima, wataalamu wengi hulinasibisha na yamama ya Kiarabu, yaani njiwa, kwa kuwa Kiarabu na Kiebrania ni lugha za nasaba moja. Hata hivyo, wafasiri wa kale wa Kiyunani waliliandika Siku, kwa kulihusisha na neno la Kiebrania yom.

Fauka ya hayo, Ayubu aliwapa mabinti hao urithi pamoja na ndugu zao wanaume, hali sheria ya Musa, katika kisa cha binti za Selofehadi, ilimrithisha binti pale tu marehemu alipokosa mwana wa kiume.

Mwaka 1972, serikali ya Rais Mobutu ilipoyapiga marufuku majina ya ubatizo ya kigeni, hata padri akatishwa kifungo cha miaka 5 kwa kumbatiza mtoto kwa jina la Kizungu, majina kama hili yaliondoka katika vyeti, yasirudi waziwazi ila utawala ule ulipolegea kuanzia mwaka 1990. Lakini katika muda huohuo, mwaka 1987, ilitoka sheria ya nchi iitwayo Kanuni ya Jamaa, ambayo huwahesabu watoto wa kiume na wa kike kuwa warithi sawasawa.

Basi mzazi wa Misisi amwandikishaye bintiye kwa jina la Yemima asitosheke na uzuri wa matamshi yake, bali siku ya kugawa shamba na nyumba ampe fungu lake pamoja na kaka zake, kama Ayubu alivyofanya, tena sawa na lao, kama sheria ya Kongo inavyoamuru.